Nani Anajua, na Kamwambia Nani?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wapenzi wa hadithi za upelelezi. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Ndugu mwenyekiti, waandishi wenzangu, na nyinyi wasomaji ambao bila nyinyi sisi tungebaki kusomeana wenyewe kwa wenyewe: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie ubishi ambao wapenzi wa riwaya za upelelezi hawauchoki. Nani ananoga zaidi kumsoma: mpelelezi anayefanya kazi peke yake, au kikosi cha makachero wanaogawana zamu, simu na majalada? Ubishi huu kwa kawaida huishia kwenye mapenzi. Huyu anampenda Sherlock Holmes, mpelelezi wa kujitegemea wa London, yule anampenda Maigret, mkuu wa makachero wa Paris, kila mtu anarudi kwao na wake. Mimi leo sikuja kupiga kura. Nimekuja na maswali mawili, na nitayarudia mpaka mchoke. Nani anajua? Kamwambia nani?

Tuanzie mwanzo. Mwaka 1841 Edgar Allan Poe alichapisha hadithi ya mauaji katika nyumba moja mjini Paris, na humo akamtoa C. Auguste Dupin: mtu asiye na cheo, asiye na ajira, mpenda giza na vitabu. Uangalieni mwaka huo. Polisi wa London hawakuwa na kitengo cha makachero mpaka mwaka uliofuata, 1842, na kilipoanza kilikuwa na watu wanane tu. Maana yake msomaji wa Kiingereza alimpata mpelelezi wa peke yake kitabuni kabla jiji la London halijapata makachero wake.

Miaka mitatu baadaye Poe akamrudisha Dupin katika kisa cha barua iliyoibwa. Mkuu wa polisi anamjua mwizi. Anaijua nyumba. Kinachokosekana ni barua tu. Basi askari wake wanapekua usiku baada ya usiku. Wanachoma mito ya viti kwa sindano ndefu. Wanang'oa mbao za juu za meza. Wanakagua maungio ya fanicha kwa hadubini. Wanapekua hata nyumba za jirani. Wapi! Dupin anakwenda kumtembelea mwizi, kavaa miwani ya kijani ili macho yake yasijulikane yanatazama wapi, na anaiona barua imechomekwa kwenye kishikio cha kadi, mahali ambapo kila anayeingia anapaona.

Poe anamcheka nani hapo? Wengi watasema anawacheka polisi wavivu. Hapana, ndugu zangu. Hakuna mvivu hata mmoja katika hadithi ile. Poe anaicheka bidii. Anaicheka bidii ya watu wengi wanaofuata utaratibu mmoja, kila mmoja akiamini kwamba kitu kilichofichwa lazima kiwe mafichoni. Dhihaka hiyo waandishi wameiazima kwa zaidi ya miaka mia moja na themanini, na wengi wao wameiazima vibaya: wamemfanya askari kuwa mjinga, wakadhani hiyo inatosha kumfanya shujaa wao aonekane mwerevu.

Sasa, huyu mpelelezi wa peke yake, je, yuko peke yake kweli?

Mwaka 1887 Sherlock Holmes alitokea kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo ana rafiki yake Watson, anayetusimulia visa vyake, ubavuni. Ana pia watoto wa mitaani, anaowalipa shilingi moja kwa siku, wakiongozwa na kijana aitwaye Wiggins. Katika riwaya ile ya kwanza muuaji ni dereva wa gari la farasi. Nani anayekwenda kumtafuta mjini na kumleta mpaka chumbani kwa Holmes? Wiggins. Dereva anapanda ngazi akidhani amekuja kubeba mizigo, Holmes anamfunga pingu, na purukushani ikianza wanaoruka kumshika ni pamoja na Lestrade na Gregson, makachero wawili wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, ambao kitabu kizima kimekuwa kikiwasimanga. Watu wengi wamefanya kazi ile. Jina tunalolikumbuka ni moja.

Kwetu katika fasihi ya Kiswahili tunaye Bwana Msa, wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale. Ana kiko chake, ana utulivu wake, na yeye naye ana mtu wa kumtupia maneno, Najum, na ana polisi wa kumkabidhi mambo yakishakomaa, Spekta Seif. Kwa nini Najum yupo? Kwa nini Watson yupo? Kuna wanaosema ni ili shujaa apate mtu wa kumsifu. Mimi naona sababu ni nyingine. Rafiki yupo ili mlango ufungwe. Sisi wasomaji tunakaa upande wa nje pamoja na Watson, tunaona anachoona, tunasikia anachosikia, na kichwa cha mwenye kujua kimefungwa mbele yetu.

Haya, nani anajua? Holmes anajua, tangu katikati ya kitabu. Kamwambia nani? Hakumwambia mtu. Na hapo ndipo utamu wote ulipo! Mpelelezi wa peke yake ana haki moja ambayo askari hana: haki ya kunyamaza. Hana bosi wa kumuuliza umefikia wapi. Hana jalada la kujaza jioni. Anaweza kuinamia jivu la sigara, akasema "Ahaa," akanyamaza kurasa mia moja, nasi tunamshangilia. Askari akifanya hivyo katika kituo chochote duniani, ataitwa ofisini ajieleze.

Kwa hiyo mnapomtoa mpelelezi wa peke yake mkaweka kikosi, hamjaongeza watu tu. Mmeung'oa ukimya uliokuwa unaiendesha hadithi. Lazima mtafute kitu kingine cha kuiendesha.

Kitu hicho ni nini? Naomba niwaeleze kisa cha kweli.

Juni 1860, huko Wiltshire, Uingereza, katika nyumba iliyoitwa Road Hill House, mtoto wa kiume wa karibu miaka minne alikutwa ameuawa. Polisi wa pale walihangaika wiki mbili bila mafanikio. Ndipo London ikampeleka Jack Whicher, mmoja wa wale wanane wa mwanzo wa 1842. Kuna kachero wa kitabuni kuliko huyo? Mtu mmoja anashuka kutoka mjini, anatazama, anauliza, na siku chache tu baadaye anamkamata dada wa mtoto yule, Constance Kent, msichana wa miaka kumi na sita. Hoja yake kubwa ilikuwa gauni la kulalia. Constance alikuwa na idadi fulani ya magauni, moja halionekani, na Whicher aliamini kwamba hilo lilikuwa na damu.

Mahakimu wakamwachia msichana. Magazeti yakamrarua Whicher: huyu mtu wa tabaka la chini anathubutu vipi kuchakura nguo za binti wa watu? Jina lake likaharibika, na mwaka 1864 akaacha kazi. Mwaka 1865 Constance Kent alikwenda mwenyewe kukiri.

Lakini subirini, kiini hakiko hapo. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba siku ile ile ya mauaji, kabla Whicher hajafika, askari wa pale nyumbani walikuta vazi la ndani la kike lenye damu, limefichwa jikoni kwenye tundu la jiko la kuchemshia maji. Wakalirudisha palepale, wakidhani watamnasa atakayekuja kulichukua. Likatoweka. Nao, kwa aibu, wakanyamaza. Whicher alikuwa anatafuta nguo yenye damu katika nyumba ambayo askari walikwishaona nguo yenye damu, na hakuna aliyemwambia. Nani alijua? Mkuu wao na askari wake. Walimwambia nani? Hawakumwambia aliyehitaji kujua.

Mnaona tofauti? Katika hadithi ya Holmes ukimya ni chombo cha mtu mwerevu. Katika nyumba ya Road Hill ukimya ni ugonjwa wa taasisi. Miaka minane baadaye Wilkie Collins alichapisha riwaya yake ya almasi iliyoibwa, akamweka humo kachero mahiri kutoka London, polisi wa wilaya asiyefaa kitu, na vazi la kulalia lenye doa. Damu akaigeuza rangi ya mlango. Alijua pa kuchota.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa anayesema kikosi hakina msisimko. Kikosi kina msisimko wake, nao uko njiani: habari inatoka kwa mtu inakwenda kwa mtu, na kati ya hao wawili inaweza kuchelewa, kupotoshwa, kufichwa, au kubaki mfukoni mwa koti la mtu aliyemaliza zamu.

Riwaya za polisi kama aina yake zilichukua muda mrefu kulifahamu hilo. Wengi huanza hesabu mwaka 1945, na riwaya ya Lawrence Treat. Mwaka 1949 redio za Marekani zikaanza kurusha Dragnet, visa vilivyotolewa katika majalada ya polisi wa Los Angeles, na wasikilizaji wakagundua kwamba hata kugonga milango kumi na kuambiwa "sijui" mara tisa kunaweza kumweka mtu kitini. Kisha mwaka 1956 akaja Ed McBain na kituo chake cha 87, katika jiji la kubuni linalofanana mno na New York. Zaidi ya vitabu hamsini, mpaka mwaka 2005.

McBain alikuwa na wazo ambalo mimi nalivulia kofia. Alitaka shujaa awe kikosi kizima. Mmoja akifa, wengine waendelee. Mmoja akihamishwa, aje mwingine. Katika kitabu cha tatu akampiga risasi kachero wake Steve Carella, na katika muswada wa kwanza Carella alikufa. Muswada ukafika kwa wachapishaji. Wakamwambia hapana, huyu huwezi kumuua, huyu ndiye shujaa wako. McBain mwenyewe hakuwa na habari kwamba ana shujaa! Carella akafufuka, akaishi karibu miaka hamsini mingine vitabuni, wala hakuzeeka sana.

Tucheke, lakini tujifunze. Mwandishi alitaka kikosi, sokoni wakaona mtu. Huyo mtu akapewa mke, akapewa uso, akapewa sura ya mwisho. Hata Georges Simenon, ambaye Maigret wake ana Lucas, Janvier, Lapointe na Torrence wakimzunguka, hakuviita vitabu vyake kwa majina ya hao wanne. Wao wanasimama kwenye mvua wakilinda mlango wa mshukiwa, yeye anaagiza bia. Mimi nampenda Maigret, msinielewe vibaya, lakini siku moja ningependa kusoma aliyoyaona Lapointe kwenye mvua ile.

Sasa mtaniuliza: kikosi maana yake vikao, na kikao kitamsisimua nani? Swali zuri. Tazameni filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1963, iliyotokana na riwaya moja ya McBain. Tajiri anapigiwa simu kwamba mwanawe ametekwa, kumbe aliyechukuliwa ni mtoto wa dereva wake. Sehemu ya pili ya filamu ni ya polisi. Wamejaa chumbani, joto kali, wanajipepea, na wanasimama mmoja baada ya mwingine kutoa ripoti. Huyu kafuatilia simu za umma. Yule kafuatilia gari. Wengine wamerudi mikono mitupu na wanasema hivyo hivyo. Kuna mkanda wa sauti ya mtekaji, na nyuma ya sauti yake kuna mlio wa treni. Makachero wanausikiliza na hawautambui. Anayeutambua ni mfanyakazi wa reli: anausikiliza kidogo, anataja njia ile treni inayopita. Huyo si shujaa, hata jina lake hatulishiki. Lakini kwa dakika moja yeye ndiye mwenye kujua, na amewaambia wanaohitaji. Kikao kile kinasisimua kwa sababu kila anayesimama anaweza kuwa ndiye.

Nakuja sasa kwa wawili ambao kwangu mimi ndio mabingwa. Maj Sjöwall na Per Wahlöö, wa Sweden. Riwaya kumi, kati ya 1965 na 1975, na waliziandika kwa kupokezana sura: huyu sura moja, yule inayofuata. Kikosi cha watu wawili kikiandika juu ya kikosi! Katika riwaya ya kwanza maiti ya mwanamke inaopolewa mferejini, na miezi inapita. Inapita kweli. Hakuna anayejua mwanamke yule ni nani mpaka habari ifike kutoka Nebraska, Marekani. Kisha makachero wanaanza kukusanya picha ambazo abiria wa meli, watalii waliokwisha tawanyika duniani, walizipiga kwa furaha zao. Mmoja kati yao alimpiga picha muuaji bila kujua. Nani anajua? Wote wanajua, kila mmoja kipande chake, na hakuna anayejua kwamba anajua.

Na riwaya yao ya mwaka 1968 ndiyo ningeigawa bure kwenu leo kama ningekuwa na uwezo. Inabidi niwatobolee siri. Kitabu kina zaidi ya nusu karne, mliochelewa mtanisamehe. Basi la abiria mjini Stockholm limemiminiwa risasi. Miongoni mwa waliokufa yumo kachero kijana, Åke Stenström, wa kikosi kile kile kitakachopeleleza. Alikuwa anafanya nini ndani ya basi lile? Hakuwa zamu. Wakubwa zake hawajui. Wenzake hawajui.

Taratibu wanagundua. Kijana yule alikuwa amechukua kesi ya zamani, mauaji ambayo hayakupata jibu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, akaamua kuifumbua mwenyewe, kimya kimya, awashangaze. Alitaka kuwa Holmes. Alimfuata mtu usiku, akapanda naye basi, na aliyekuwa na sababu ya kuwanyamazisha wote wawili akaua basi zima ili isijulikane alimlenga nani.

Hebu fikirini walichofanya waandishi wale wawili. Wamemchukua mpelelezi wa peke yake, kijana, hodari, mwenye akili, aliyekuwa kwenye njia sahihi! Hakukosea. Alikuwa sahihi kabisa, na wakamuua katika kurasa za mwanzo. Kisha riwaya nzima ni watu wazima waliochoka, wenye mafua, wasiopendana sana, wakijaribu kukijua alichokijua mtu mmoja aliyekufa nacho. Mmoja ni Melander, ambaye kumbukumbu yake haipotezi jina wala tarehe. Shida yake tu ni kwamba kila akihitajika yuko chooni. Mwingine ni Gunvald Larsson, anayeudhi watu kazini kote. Hakuna kati yao angeweza kufika peke yake. Alama ya gari anaikumbuka huyu, neno la mgonjwa mahututi analifasiri yule, tabia za Stenström anazieleza mchumba wake. Nani alijua? Stenström. Alimwambia nani? Hakumwambia mtu, na hilo ndilo lililowafanya wahangaike.

Msidhani ninawapamba polisi. Kikosi kinaweza kujua jambo mara tisa kisilijue hata mara moja. Peter Sutcliffe, aliyeua wanawake kumi na watatu kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980, alihojiwa na polisi mara tisa katika upelelezi ule. Mara tisa! Majibu yake yalikuwa kwenye kadi za karatasi, katika chumba kilichozidiwa na karatasi, na kadi ya askari huyu haikukutana na kadi ya yule. Juu ya hapo, mwaka 1979 tapeli mmoja aliwatumia mkanda wa sauti akijidai ndiye muuaji, wakubwa wakamwamini, na walioongea kwa lafudhi nyingine wakaachwa. Sutcliffe alinaswa Januari 1981 na askari wawili wa doria mjini Sheffield, kwa sababu ya namba bandia za gari. Baada ya aibu hiyo polisi wa Uingereza walitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuunganisha taarifa za kesi kubwa, na ufupisho wa jina lake wakaupanga usomeke HOLMES. Waliona haya, lakini si kwa mzaha huo.

Kesi kama hizo ndizo zinazomfanya msomaji amrudie mtu wa peke yake, na simlaumu. Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuandika alifanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton, alimwandika mwaka 1929 mpelelezi asiye na jina katika mji ambao mkuu wa polisi naye yumo kwenye uhalifu. Hapo unamwambia nani? Lakini tazameni ujanja wa Hammett: mtu wake ni mwajiriwa, ana mkubwa wake ofisini, ana wenzake wawili wanaotumwa kumsaidia, na inabidi achonge ripoti zake ili ofisi isijue anayoyafanya. Upweke wake haukuanguka kutoka mbinguni, anautengeneza kila siku kwa kalamu. Huyo ananivutia mara kumi kuliko yule kachero wa kisasa mlevi, aliyeachwa na mke, anayetupa kitambulisho mezani kwa bosi kila sura ya kumi na mbili halafu anaendelea na kesi kama kawaida. Huyo nimemchoka. Naomba wenzangu tumpe likizo.

Nimalizie na ombi kwa wanaoandika. Mkirudi mezani, msianze kwa kuamua kama shujaa wenu ni mmoja au ni sita. Andikeni kwanza sura moja tu. Kachero mdogo anapata habari muhimu saa nane mchana. Inamfikia mkubwa wake saa tatu usiku. Niambieni katika hizo saa saba alikuwa wapi, alimwogopa nani, alimpigia nani simu isipokelewe, na ndani ya saa hizo nani kafa.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naona wafuasi wa Bwana Msa wameshanyoosha mikono. Tuanze na yule bibi wa safu ya mbele.